Kundi letu la ramani Tanga linataka kuhama WhatsApp: Telegram, Discord, Matrix, XMPP, au tubaki?

Ngarawa_Ndogo (mleta mada)

Habari za mchana wakuu, na shikamooni mnaostahili. Nina jambo ambalo wenyewe kwa wenyewe tumeshindwana, nimeona nilete humu.

Tupo kama hamsini, tunachora kwa kujitolea OpenStreetMap, ile ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichora. Wengi tuko Tanga mjini, Ngamiani na Makorora zaidi. Wengine wako Pangani, Muheza na Lushoto, wawili wamehamia Mombasa kikazi. Ofisi hatuna, mwenyekiti hatuna, akaunti ya benki ndiyo kabisa. Mtu anazunguka mtaani na simu yake, anarekodi njia, usiku anachora, kesho yake tunagombana. Hivi ninavyoandika tuna wiki ya pili tunabishana kama kichochoro kimoja nyuma ya barabara ya 8 kinapita bajaji au kinaishia pikipiki.

Ugomvi wote huo uko WhatsApp, na huko ndiko tulikokwama. Mwezi uliopita admini wetu, naye ni mmoja tu, kaibiwa simu stendi. Kurudisha laini kukachukua siku kumi na moja. Siku zote hizo hatuwezi kuongeza mtu, wala kumtoa jamaa anayemwaga matangazo ya mikopo. Tukakaa tunamtazama. Halafu mgeni akiingia anauliza jambo tulilolimaliza mwaka jana, hana pa kulisoma. Na zile asubuhi njema zenye maua, misiba, michango ya harusi... sizichukii, ndio utu wenyewe huo, ila swali la njia ya Bweni likishazama humo halitoki tena.

Zimetajwa Telegram, Discord, Matrix na XMPP. Mmoja kataja IRC, lile gumzo la maandishi la zamani, tukamcheka. Tunachotaka ni kitu kisichokula bando, kinachokaa kwenye simu za kawaida, mazungumzo ya nyuma yasomeke, na siku mtu mmoja akipotea kundi lisipotee naye. Mnaotumia vitu hivi, semeni.

Bajaji_ya_Raskazone

Mkihama mtabaki hamsini au saba? Mimi nakupa uzoefu wa barabarani. Hapa kijiweni watu wanajiunga vifurushi vya mitandao ya kijamii, WhatsApp imo. Hiyo Matrix yako haimo. MB za kawaida zikikata WhatsApp inaendelea, huko kwingine kimya.

Wekeni maadmini wanne. Mmoja akiibiwa wapo watatu. Tatizo limekwisha, na sijakutoza nauli.

Shangazi_Chumbageni

Bajaji ana hoja lakini nusu. Tarehe 4 Oktoba 2021 mwaikumbuka? WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika kwa pamoja kama saa sita, dunia nzima, kwa sababu mwenye nazo ni mmoja na kosa lilitoka kwenye mitambo yake mwenyewe. Mimi nina oda ya keki ya harusi, mteja yuko Korogwe, ndio kwanza anataka kunitumia picha. Nikampigia, akaanza kunieleza maua kwa mdomo. Keki niliyoipika na keki aliyoitaka hazikujuana.

Maadmini wanne hawakusaidii kitu, mwanangu, siku nyumba yenyewe inapofungwa.

Usambara_Juu

Nikiwa Lushoto, huku mnara unaonekana ukipanda mgomba, niseme kuhusu Telegram na Discord ambazo nimezitumia zote mbili.

Telegram kwa raha haina mpinzani. Mgeni akiingia anasoma mpaka ya mwaka juzi, faili la GB 2 linapita, kundi linabeba watu laki mbili, na unaweza kuongea na watu bila kuwaonyesha namba yako. Faili za njia za GPS hazisumbui kabisa. Lakini wengi wanadhani Telegram inafunga mazungumzo kwa usimbaji kama WhatsApp. Siyo. Usimbaji wa mwisho kwa mwisho, yaani ule ambao hata kampuni haiwezi kusoma, uko kwenye zile gumzo za siri za watu wawili tu, tena mpaka uziwashe mwenyewe. Makundi yote yanakaa kwenye seva za kampuni, zile kompyuta zinazohifadhi na kupitisha ujumbe, na kampuni inaweza kuyafungua. Na seva hizo ni zao peke yao, huwezi kuweka yako.

Discord ilianza 2015 kwa wacheza gemu na mpaka leo ina harufu hiyo. Vyumba vingi ndani ya nyumba moja, huo ndio uzuri wake: chumba cha Pangani, chumba cha Muheza, chumba cha maua na asubuhi njema. Ila ni nzito. Simu yangu ya zamani ikifungua Discord naweza kwenda kuchuma mapeasi nikarudi. Na Oktoba 2025 walitangaza kwamba picha za vitambulisho vya watu kama 70,000 zilivuja kupitia mkandarasi aliyekuwa akiwahudumia. Kundi la ramani nani atakudai kitambulisho, najua, lakini nimesema mlijue.

Fundi_wa_Seva

Nimesubiri mmalize. Mleta mada, umeandika neno moja la maana kuliko yote: mtu mmoja akipotea kundi lisipotee. Telegram na Discord ziondoe hapo hapo, maana huko "mtu mmoja" ni kampuni. Zinabaki Matrix na XMPP. Zote mbili unaweza kufunga seva yako, na seva yako ikaongea na seva za watu wengine, kama barua pepe. Wa Mombasa anaweza kuwa na akaunti kwenye seva nyingine kabisa na bado mkakutana.

Wanapoachana ni kwenye swali la chumba kinakaa wapi.

XMPP ni baraza. Watu wanatoka kila mtaa, kila mmoja na kwao, lakini baraza ni la nyumba moja. Nyumba ikibomoka, baraza hakuna, mtatafutana. Matrix ni kama kila nyumba yenye mtu barazani inaandika daftari lake la yaliyosemwa. Seva ikifa, madaftari mengine yapo na maongezi yanaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hitaji lako, Matrix ndiyo jibu la kitabuni.

Sasa njoo kwenye gharama. Kuandika madaftari yote hayo na kuyalinganisha ni kazi nzito. Programu ya seva ya Matrix inayotumika zaidi inaitwa Synapse. Niliiweka kwenye seva ya kukodi yenye GB 1 ya kumbukumbu, ikaenda vizuri wiki nzima, mpaka kijana mmoja akajiunga na chumba kikubwa cha kimataifa. Ikalala. Nikaiamsha, ikalala tena. Usiku huo sikupata usingizi mimi wala seva. Prosody, programu ya seva ya XMPP, nimeiweka kwenye Raspberry Pi, kikompyuta cha kiganjani, chumbani kwangu, inatumia kumbukumbu kidogo mno, huu mwaka wa tatu, tatizo lake ni Tanesco tu.

Msije mkadhani XMPP ni kitu cha pembeni. Ilianza 1999 ikiitwa Jabber, 2004 ikawa itifaki rasmi ya intaneti, yaani kanuni za mawasiliano ambazo yeyote anaweza kuzitumia. WhatsApp yenyewe ilijengwa juu ya XMPP waliyoifanyia marekebisho, kisha wakafunga mlango. Google nao walikuwa nayo kwenye Google Talk tangu 2005, ukiwa na Gmail unaongea na mtu wa seva yoyote. 2013 wakaja na Hangouts, milango ikaanza kufungwa mmoja mmoja. Matrix yenyewe ni ya 2014, na wakubwa wanaipenda: serikali ya Ufaransa ina Tchap, jeshi la Ujerumani lina BwMessenger, zote ni Matrix kwa ndani. Lakini hao wana mafundi wanaolipwa mshahara.

Kwenye simu: XMPP tumieni Conversations. Play Store inauzwa, kwenye F-Droid, duka la programu huria, ni bure, ni programu ile ile. Mwenye iPhone achukue Monal. Matrix ni Element, ambayo zamani iliitwa Riot.

Na jambo moja ambalo litawatesa kama hamkuambiwa: usiwashe usimbaji kwenye chumba cha kazi. Matrix yenye usimbaji, mtu akibadilisha simu bila kuhifadhi ufunguo wake, yote ya nyuma yanakuwa mistari ya "haiwezi kufunguka". XMPP ni hivyo hivyo. Mnachora ramani ambayo dunia nzima inaiona, mnaficha nini? Usimbaji muuache kwa mazungumzo ya wawili.

Bajaji_ya_Raskazone

Fundi umeandika kitabu. Kwa hiyo jibu ni lipi?

Fundi_wa_Seva

Jibu ni swali, mkuu. Nani ataamka saa nane usiku seva ikilala? Kama yupo mmoja, XMPP. Kama wapo watatu na pesa kidogo, Matrix. Kama hayupo, rudi kwenye ushauri wako wa maadmini wanne, sitakubishia.

Mzee_wa_Reli

Vijana, mmecheka IRC.

Mimi nilianza kuitumia nikiwa kazini, kompyuta moja watu sita. Aliibuni Jarkko Oikarinen pale chuo kikuu cha Oulu, Finland, mwaka 1988. Wengi humu hamjazaliwa. Mpaka leo hata kwenye intaneti ya kuchechemea maandishi yanapita. Na hao wakubwa zenu wa OpenStreetMap bado wana chumba cha #osm kwenye mtandao wa OFTC, kaangalieni.

Nitawaambia kisa, maana hapa mnazungumza kuhama bila kumtaja aliyewahi kuhama. Kulikuwa na mtandao wa IRC ulioitwa Freenode. Miradi mikubwa ya programu huria ilikuwa pale, watu wa Ubuntu, watu wa Wikimedia, miaka na miaka. Mei 2021 wale waliokuwa wakiuendesha kwa kujitolea wakagombana na mtu aliyesema mtandao ni mali yake. Wakaondoka kwa wingi, wakafungua Libera Chat tarehe 19 mwezi huo huo. Wiki haijaisha vizuri, Freenode wakateka mamia ya vyumba kwa kosa la kutaja tu kwamba wenyewe wamehamia Libera. Watu walilia? Hawakulia. Programu ni zile zile, majina yale yale, ulibadilisha anwani ya seva ukaingia. Siku chache miradi ikawa imeshahamia upande wa pili na majirani wake.

Ubaya wake nausema pia, sitaki nionekane muuzaji. Ukitoka, yanayosemwa nyuma yako huyapati, labda uwe na kitu cha kukushikia nafasi. Simu za mkononi zinaunga na kukata kila ukivuka mtaa, kwa hiyo IRC kwenye simu ni mateso. Mozilla wenyewe walioipenda walihamia Matrix 2020.

Ngarawa_Ndogo (mleta mada)

Shikamoo Mzee. Tumeacha kucheka.

Kaole_Mwambao

Salamu kutoka Bagamoyo. Mbona hamjagusa Delta Chat? Mbele unaona gumzo la kawaida, nyuma ni barua pepe. Unaweza kuiunga na barua pepe yako au ukachukua akaunti mpya papo hapo bila namba ya simu. Inakula data kidogo mno. Sisi wachonga milango tunaitumia na wateja wa nje.

Ila kundi la Delta Chat halina admini. Yeyote anaweza kumwingiza yeyote na kumtoa yeyote. Sisi tuko tisa, tunaheshimiana, wakati wa mabishano ya bei mtu amewahi kutolewa mara tatu kwa siku moja. Nyie hamsini na kichochoro chenu, sijui. Na mgeni haoni ya nyuma.

Usambara_Juu

Hahaha. Kutolewa mara tatu. Hilo kundi si la kwetu.

Forodhani_Usiku

Naona mnazungumzia programu tu, hamsemi seva iko wapi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, mnakumbuka siku zile? Kila kitu kinazunguka duara. Mimi nina rafiki aliyekuwa na seva yake ndogo hapa hapa nchini, kwenye ofisi Dar. Sisi wa huko kwake tuliongea kama kawaida. Mitandao ya hapa inabadilishana mizigo pale TIX, kituo cha kuunganisha mitandao ya intaneti, Dar es Salaam, kwa hiyo ujumbe wa kutoka Chumbageni kwenda Pangani hauna haja ya kuvuka bahari. Lakini mkikodi seva Ujerumani kwa sababu ni rahisi, ujumbe wako wa kwa jirani unakwenda Ulaya kwanza ndipo unarudi kubisha hodi.

Fundi_wa_Seva

Kweli kabisa, nilipitiwa. Na Ulaya nako si peponi. Oktoba 2023 wenye jabber.ru, seva ya XMPP ya miaka mingi, waligundua mtu amekaa katikati anasoma mawasiliano yao, kwenye mashine walizokodi Ujerumani. Waligundua kwa bahati, kwa sababu yule mdukuzi alisahau kuhuisha cheti chake cha usalama kikaisha muda. Mwizi kaumbuka kwa kusahau tarehe.

Bajaji_ya_Raskazone

Na intaneti ikizimwa yote? Ile Oktoba 2025 hata hiyo seva ya Dar ingesaidia nini?

Forodhani_Usiku

Hapo hakuna seva itakayokusaidia. Kuna Briar, ya Android, watu wawili wakikaribiana inapitisha ujumbe kwa Bluetooth au waifai, bila seva. Ila ni karibu hasa, barazani na barazani. Kuna Meshtastic, vijiredio vidogo vya LoRa, ujumbe unarukia kutoka kimoja hadi kingine kilomita kadhaa, maandishi mafupi tu ya herufi mia mbili na kidogo, picha haipiti. Kwenye vilima vya Usambara ingependeza sana kuijaribu. Lakini masafa ya redio ni ya TCRA, ulizeni kwanza kabla hamjapandisha antena mkaja kuuliza humu mwanasheria.

Shangazi_Chumbageni

Na jingine kabla mleta mada hajakimbilia kununua seva. Ukishaweka seva yenye namba na majina ya watu, wewe ndiye mwenye dhamana nayo. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake. Hivyo usikusanye usichokihitaji. Jina la utani linatosha. Namba ya simu ya nini?

Tena kina mama wa Pangani mmewauliza, au mnawapangia? Ramani za mashamba ya mwani na njia za ufukweni wanazijua wao.

Ngarawa_Ndogo (mleta mada)

Shangazi umenishika pabaya. Hatujawauliza. Naenda.

Ngarawa_Ndogo (mleta mada), siku 19 baadaye

Wakuu nimerudi na mrejesho.

Kwanza tuliijaribu Matrix siku nne kwenye seva ya umma, bila kufunga yetu. Kompyuta nzuri, kwenye simu za watu wetu Element ilikuwa inawazunguka mno, hasa wenye simu ndogo. Watu kumi na wanne waliingia, sita wakasema wamesahau neno la siri siku ya pili. Wawili walipoteza ufunguo kama Fundi alivyosema, na sisi tulikuwa tumewasha usimbaji kwa ukaidi. Tukajifunza.

Sasa tuko XMPP. Prosody, seva ndogo ya kukodi, iko Dar. Tunachanga kila mwezi, kiasi cha sahani chache za chipsi. Ufunguo wa seva wanao watatu: mmoja Tanga, mmoja Lushoto, mmoja Mombasa. Na jina la anwani ya seva (domeni) limeandikishwa kwa namna ambayo watatu wote wanaweza kulilipia, kwa sababu hilo Mzee alituambia pembeni: seva mtaiweka popote, anwani ikipotea ndiyo mmepotea. Baraza ni moja, nimekubali Fundi, lakini kila usiku nakala ya mazungumzo inakwenda kwenye kompyuta ya Lushoto. Nyumba ikibomoka tutajenga nyingine kwa matofali yale yale.

Vyumba tumefungua vitatu tu. Wameingia 31 mpaka jana.

WhatsApp hatukuifunga. Misiba, harusi na maua vimebaki kule, na watu 19 wako kule tu. Kina mama wa Pangani niliwafuata. Walinisikiliza mpaka mwisho, wakanikaribisha chai, wakasema wao ni sauti, hawaandiki. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu wa WhatsApp ndio kazi yao. Kwa hiyo kijana mmoja wa Pangani anausikiliza, anaandika kwa kifupi kwenye chumba chetu. Fundi alisema lipo daraja la programu linalounganisha WhatsApp na huku, nikamwuliza kama WhatsApp wenyewe wanalipenda, akanyamaza. Tumebaki na kijana.

Lililonishangaza ni bando. Ndani ya hizi siku Conversations kwenye simu yangu imekula MB chache sana, maandishi matupu hayali. Kinachokula ni picha, na picha ni zile zile popote uendako.

Fundi_wa_Seva

Hongereni. Nakala za usiku mmeshajaribu kuzirudisha, au mnazihifadhi tu?

Ngarawa_Ndogo (mleta mada)

...Jumamosi tutajaribu.

Mzee_wa_Reli

Jaribuni leo.

Bajaji_ya_Raskazone

Mimi swali langu lile pale juu hamkulijibu. Kichochoro cha nyuma ya barabara ya 8 mliamuaje?

Ngarawa_Ndogo (mleta mada)

Bado. Kimehamia chumba cha Ngamiani, kina ujumbe 140 sasa. Waliosema pikipiki tu wanaongoza.

Bajaji_ya_Raskazone

Nimetoka kupita hapo saa hizi na abiria wawili na gunia la mkaa. Unakunja kioo cha kushoto. Nipeni hiyo anwani ya chumba.